Tiketi Isiyobadilishwa

"Bonyeza!"

"Ngoja kwanza, Dokta."

"Ningoje nini tena? Viti vya Desemba vimefunguliwa leo asubuhi. Bonyeza hapo penye kijani kabla bei haijaruka!"

Ilikuwa Jumapili mchana, mwishoni mwa Januari, na simu yangu ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, katikati yetu. Kidole cha mpenzi wangu kilikuwa kimening'inia juu ya kioo, hakishuki, hakirudi. Na kidole chenyewe ni cha fundi lifti, kinabonyeza vitufe kutwa nzima bila kuuliza swali. Siku hiyo kiligoma.

Mimi ni mfamasia. Wateja wananiita Dokta, na mpenzi wangu, ambaye mimi namwita Fundi, akalidandia hilo hilo, mpaka wakati mwingine nahisi jina langu amelisahau. Maisha yangu ni tarehe. Dawa ikibakiza miezi sita kuisha muda wake, nimeshaiona na nimeshaisogeza mbele ya rafu. Kwa hiyo msinishangae kuhangaika na Desemba wakati hata Januari haijaisha. Wazazi wangu wanaishi ng'ambo kwa kaka yangu, ndege mbili na siku nzima ya safari, na Desemba hiyo baba alikuwa anatimiza miaka sabini. Miaka miwili mfululizo tuliahidi kwenda. Miaka miwili mfululizo tulisubiri bei ishuke, ikafika Novemba, tukaiona bei, tukakaa kimya. Safari hii baba alinipigia mwenyewe.

"Binti yangu, mambo ya kunitumia zawadi kwenye boksi sitaki," alisema. "Namtaka huyo kijana. Nimwone kwa macho yangu. Kwenye simu anaishika vibaya, kila siku naona pua tu."

Ndipo nikaingia darasani. Nikajua kwamba shirika linafungua viti miezi kumi na moja kabla ya safari. Nikajua kwamba kuondoka Jumanne ni nafuu kuliko Ijumaa. Nikajua pia kwamba tiketi ziko za aina mbili: ya bei nafuu, isiyobadilishwa hata ulie machozi ya damu, na ya bei ya juu, unayoweza kuisogeza tarehe upendavyo. Picha ya pasipoti yangu nikamtumia Fundi ili tusikosee hata herufi.

"Kama lazima iwe leo," alisema mwishowe, "basi tuchukue ile inayobadilishwa."

Moyo wangu ukapiga mara moja, ukasimama kusikiliza.

"Inayobadilishwa? Kwa nini?"

"Desemba ni mbali, mpenzi. Huwezi kujua."

"Huwezi kujua nini? Baba anatimiza sabini tarehe ishirini na mbili, hilo halisogei. Mimi sisogei. Nani mwingine anayetaka kusogea humu ndani?"

"Dokta, usinigeuzie maneno."

"Sijageuza hata neno moja. Mwanaume anayeshindwa kukata tiketi ya Desemba pamoja na mimi, hana mpango wa kuwa na mimi hiyo Desemba. Sema tu, tusipotezeane muda."

Alifungua mdomo kujibu, simu yake ikalia. Lifti imekwama ghorofa ya sita mahali fulani, watu wanne na mbwa mmoja, na mbwa ameanza kupandwa na hasira. Fundi akabeba begi lake la vifaa.

"Nipe muda kidogo," alisema akiwa mlangoni.

"Muda gani? Wa kubadilika?"

Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi mbili mbili.

Niwaelezeni vizuri, msije mkamchukia bure. Fundi ni mtu mpole, anacheka kwa urahisi, na mikono yake inanuka grisi hata Jumapili. Mama yake, ambaye ndiye mzazi pekee aliyebaki naye, anaishi mji wa jirani, na mimi nilikuwa namjua kwa simu tu. Ni mama anayependa kukanyaga ardhi. Hajawahi kupanda hata lifti aliyoitengeneza mwanawe. "Namjua tangu mtoto," alishawahi kuniambia. "Kila alichokifungua, akikifunga, skrubu moja inabaki mezani." Hilo nililicheka wiki nzima.

Lakini Februari hiyo sikucheka. Kila nilipogusia safari, alinijibu kwa neno moja.

"Bei imepanda," nilimwandikia Februari.

"Subiri kidogo," alijibu.

"Zile za nafuu zimebaki sita," nilimwandikia Machi.

"Nakuomba uniamini, mpenzi wangu. Subiri."

Halafu kikaja kisa cha Jumamosi. Kila Jumamosi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jioni, Fundi alikuwa hapatikani. Nikimuuliza, anasema ni zamu ya matengenezo. Nami nikameza, kama vile ninavyowaambia wateja wameze vidonge bila kutafuna.

Mwenzangu wa kaunta ndiye aliyenitapisha. Huyu dada tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Dokta, kaa chini," alinivuta pembeni Jumatatu moja ya Aprili.

"Nina foleni."

"Foleni haiondoki, inaumwa. Kaa. Au hapana, simama, ushike rafu."

"Redio, sema."

"Juzi nilikwenda ile hoteli ya ghorofa kumi na mbili. Pale chini wanauza keki. Nikamwona Fundi."

"Anahudumia lifti zao. Ni kazi yake."

"Na kazi yake inamtaka amshike mwanamke mkono?"

Nilikuwa nahesabu vidonge vya mteja. Nikapoteza hesabu.

"Mwanamke gani?"

"Uso sikuuona, alinipa mgongo. Mwembamba, gauni la maua, kilemba cha zambarau kimefungwa kikafungika. Wameshikana hivi, vidole ndani ya vidole, wanaingia kwenye lifti. Na Fundi anambembeleza: 'Taratibu. Nipo hapa. Taratibu.' Mlango ukajifunga."

"Labda ni mteja."

"Dokta, mimi fundi bomba wangu nina mwaka wa tano naye. Hajawahi kunishika hata kidole."

Nilirudi kwenye vidonge vyangu, nikavihesabu upya mara tatu. Sikulia. Nilisubiri Jumamosi.

Jumamosi saa tisa nikaanza kupiga. Ya kwanza haikupokelewa, ya pili haikupokelewa, ya tano ikakatwa. Ya tisa ikapokelewa.

"Dokta, nitakupigia baadaye..."

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Na nani?"

"Niko peke..."

Hapo ikasikika sauti ya mwanamke, nyembamba, ya juu, nisiyoitambua, ikipiga kelele karibu kabisa na simu.

"Usiniachie mkono! Nimesema usiniachie!"

Nikaibana simu sikioni.

"Huyo nani, Fundi?"

"Ni... ni mteja. Ameingiwa na hofu kidogo. Nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi."

"Siwezi sasa hivi."

Simu ikakatika. Redio alikuwa amesimama nyuma yangu na sikio lake limekaribia kuniingia shavuni.

"Ameingiwa na hofu," alirudia. "Hofu ya vidole ndani ya vidole."

Wiki ile nzima Fundi aliniandikia ujumbe mmoja tu, huo huo, kila asubuhi: "Naomba univumilie kidogo tu. Nimefungwa mdomo." Nikajiambia, aliyemfunga mdomo ana kilemba cha zambarau. Ijumaa nilimwachia Redio kaunta, nikaenda kwa Mama Tiketi.

Mama Tiketi ana ofisi ya chumba kimoja, meza moja, feni moja inayozungusha shingo kama mtu anayekataa jambo. Ukutani ana kalenda mbili, ya mwaka huu na ya mwaka ujao, na hiyo ya mwaka ujao ndiyo iliyochorwachorwa zaidi. Nikampenda palepale.

"Desemba?" aliniuliza. "Umewahi. Wengine wananijia Novemba wakilia."

"Mimi hiyo Novemba naijua. Nimeionja mara mbili."

"Abiria wangapi?"

Nilidhani nimejiandaa kwa swali hilo. Nikafungua pochi, nikaifunga.

"Mmoja," nikasema.

Akaniangalia kwa juu ya miwani, akarudi kwenye mashine yake.

"Jumanne ile ya tarehe ishirini bado ina nafasi moja moja. Kurudi?"

"Tarehe nne Januari."

"Inayobadilishwa au isiyobadilishwa?"

"Isiyobadilishwa," nilijibu kwa nguvu mpaka feni ikaonekana kunigeukia. "Mimi nikisema nakwenda, nakwenda."

Nikalipa. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa kumi kasoro dakika tano. Nikiwa bado kwenye kiti chake nikamwandikia Fundi: "Nimekata tiketi ya Desemba. Moja. Isiyobadilishwa."

Sekunde kumi hazikupita, simu ikaanza kulia.

"Umekata kweli?" Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ghorofa zote kwa miguu.

"Kweli."

"Ndege ipi? Usiniambie ni ile ya Jumanne."

"Ile ile ya Jumanne."

"Mungu wangu! Dokta, si ungeniuliza!"

"Nimekuuliza miezi mitatu!"

"Rudi ukaifute. Nakuomba, rudi sasa hivi ukaifute."

"Nikaifute? Yaani hata mimi kwenda kwa baba yangu kunakuuma? Kaa na mteja wako, Fundi. Mshike vizuri asianguke."

Nikazima simu. Na hapo, barabarani, mbele ya duka la viatu, ndipo nililia. Nililia kwa sababu nilikuwa nampenda, basi. Sina maelezo mengine.

Asubuhi ya Jumamosi nikawasha simu, ujumbe ukamiminika. Wa kwanza ulikuwa wake: "Leo jioni nitakueleza kila kitu. Nimeapishwa mpaka leo. Ila ile tiketi iangalie kabla ya saa kumi." Wa pili ulitoka kwa shirika la ndege, na huo niliusoma mara nne nikiwa nimesimama na mswaki mdomoni: "Ndugu abiria, una nafasi mbili katika ndege moja. Tafadhali wasiliana na wakala wako. Nafasi moja itafutwa."

Nafasi mbili? Mimi nilikata moja. Kabla sijatema povu, Mama Tiketi akapiga.

"Mwanangu, njoo ofisini."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Haya mambo hayaelezeki kwa simu."

Hadi nilipopata wa kunishikia kaunta, saa nane ilikuwa imepita. Mama Tiketi alinigeuzia kioo cha mashine yake.

"Hii ndiyo ya jana, uko peke yako," alisema. "Na hii nyingine ni ya zamani. Imekatwa kwa simu, Jumatatu ya mwisho ya Januari, saa mbili asubuhi."

Jumatatu ya mwisho ya Januari. Siku moja baada ya kile kidole kugoma.

"Amekata nani?"

"Kwa kuwa jina lako limo, naruhusiwa kukuonyesha. Soma mwenyewe. Abiria ni watatu. Wa kwanza huyu mwanaume, wa pili wewe."

Lilikuwa jina la Fundi. Chini yake langu, kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kumbe halijasahaulika. Nikahisi joto likinipanda kutoka miguuni. Miezi mitatu ananiambia subiri, subiri, kumbe tiketi yangu iko mfukoni mwake!

Halafu nikasoma mstari wa tatu.

Mwanamke. Jina la kwanza silijui. Jina la mwisho ni la ukoo wa Fundi.

"Ana mke," nikasema.

"Taratibu, mwanangu."

"Mama Tiketi, hana dada. Hana shangazi. Ni nani mwingine atabeba jina lake? Ana mke, na amemwekea kiti!"

"Kiti chenyewe kiko katikati, wewe dirishani, mwanaume huku mwisho." Akavua miwani. "Nimekaa hapa miaka ishirini. Mwanaume wa kumkatia mke na mchumba viti vya kupakana sijamwona bado. Mama yake je?"

"Mama yake hapandi hata lifti! Ndege ataipandaje?"

Mama Tiketi akaiangalia saa ya ukutani.

"Sikiliza. Ya jana ulilipa saa kumi kasoro dakika tano. Mpaka leo saa hiyo hiyo, nina uwezo wa kuifuta bila wewe kupoteza kitu. Ikipita hapo, mashine ya shirika inajichagulia yenyewe, na ikichagua vibaya inaivuruga ile ya watatu. Viti vitatu pamoja kwa bei ile havipo tena, nimetafuta. Kwa hiyo chagua: unasafiri peke yako au unasafiri na hao?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Kamuulize mwenyewe. Tiketi nazijua. Wanaume siwajui."

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Jumamosi. Nilijua pa kumpata.

Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka milango ya vioo ya hoteli ikifunguka, sakafu inayong'aa, harufu ya keki, na kule mwisho, mbele ya lifti, gauni la maua. Kilemba cha zambarau. Mkono wake umo ndani ya mkono wa Fundi, vidole ndani ya vidole, kama Redio alivyotangaza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Nilikuwa nayo hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikawakaribia kwa nyuma nikiyasikiliza yao kwanza.

"Leo mpaka juu kabisa," Fundi alikuwa anasema. "Wiki iliyopita umefika ya kumi. Zimebaki mbili tu."

"Wiki iliyopita nilipiga kelele mlango ulipofunguka."

"Kidogo."

"Kidogo? Watu walidhani naibiwa. Na yule mtoto wa watu alisikia kwenye simu. Aibu gani hii! Ukiniachia mkono leo, nakuambia, utanitafutia maziwa niliyokunyonyesha uyarudishe!"

Maneno yangu makali yakanidondoka yote sakafuni.

"Mama?" nikasema.

Wakageuka kwa pamoja. Sura ilikuwa ya Fundi mwenyewe, ila imezeeka na kuongezewa akili. Fundi akawa kama amegongwa na mlango.

"Dokta!"

"Huyu ndiye?" mama akauliza, macho yamemtoka. "Huyu ndiye Dokta? Na mimi nimesimama hapa natetemeka mbele yake?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lo! Lo! Hii siyo namna niliyotaka tuonane."

"Mama ndiye abiria wa tatu?" nilimuuliza Fundi.

"Umeiona?"

"Nimeiona leo. Nilidhani ni mke wako."

"Mke!" mama akashika kifua. "Mimi! Mungu anisamehe, hata baba yake mwenyewe nilimkubali kwa taabu."

Fundi alicheka, akaacha, akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayefungua mlango wa lifti iliyokwama.

"Ile Jumapili nilikuwa sijui kama mama atakubali kwenda. Nilitaka akuombe kwa baba yako ana kwa ana, siyo kwa simu. Ndiyo maana nikasema tuchukue inayobadilishwa, kwa sababu yake, siyo kwa sababu yako. Ulipokasirika nikaenda kwake jioni ile ile. Nikamwambia."

"Nikamwambia nakwenda," mama akadakia. "Nikamwambia kata ile isiyobadilishwa, maana ukinikatia inayobadilishwa, najijua, nitaibadilisha."

"Zote tatu ni zile zisizobadilishwa?"

"Zote tatu," Fundi akasema.

"Na kwa nini usiniambie? Miezi mitatu, Fundi! Nimehesabu vidonge vya watu vibaya kwa ajili yako!"

"Usimgombeze," mama akasema. "Ni mimi niliyemwapisha. Sikutaka unijue kama mwoga kabla hujanijua kama mama. Nikasema, siku nitakayofika juu kabisa, hiyo siku mwambie. Tulianza na ghorofa ya kwanza. Kila Jumamosi moja. Nyingine nilirudi chini kwa ngazi, naona haya hata kumwangalia." Akameza mate. "Sasa umeniona. Hata ukiniona mjinga, ni haki yako."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwembamba kweli, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko wangu.

"Mama, mimi naogopa sindano," nilimnong'oneza. "Na ninafanya kazi kwenye duka la dawa. Usimwambie mtu."

Akacheka kicheko kimoja kikubwa mpaka wauza keki wakageuka. Kisha akaninyooshea mkono wa pili, ule uliokuwa haujashikwa na mtu.

"Haya. Nishike huku, yeye anishike kule. Twendeni kabla sijapata akili."

Tukaingia. Mlango ukajifunga. Lifti ikaanza kupanda, na hapo ndipo nikaiona saa kwenye simu yangu: saa tisa na dakika arobaini na tisa.

"Mama Tiketi!" nikapiga kelele.

"Nani?" mama akaruka.

"Tiketi yangu ya jana! Isipofutwa kabla ya saa kumi kasoro dakika tano, mashine itajichagulia, itavuruga ya kwetu!"

"Piga basi!" Fundi akasema.

Nikapiga. Simu ikaniandikia hakuna mtandao.

"Humu ndani haushiki," Fundi alisema, jasho limemtoka. "Ukuta wake wote ni chuma."

Ghorofa ya nne. Ghorofa ya tano. Ya tano lifti ikasimama, mlango ukafunguka, akaingia mgeni na masanduku matatu, la kwanza, la pili, la tatu, kila moja akiliweka kwa heshima. Nikanyoosha mkono na simu nje ya mlango kutafuta mtandao, mlango ukataka kunifungia, Fundi akauzuia kwa kiatu.

"Dada, unashuka?" mgeni akauliza.

"Anaolewa!" mama akamjibu. "Funga mlango tupande!"

Saa tisa na dakika hamsini na mbili, ghorofa ya nane. Mgeni akashuka, sanduku moja baada ya jingine. Ghorofa ya tisa. Ya kumi, pale aliposhindwa wiki iliyopita. Mkono wa mama ulikuwa umenibana mpaka vidole vimekufa ganzi, lakini macho yake hayakuwa kwenye vitufe. Yalikuwa kwenye simu yangu.

"Umeshika?"

"Bado, mama."

"Kijana, hii lifti yako inatambaa! Haina mwendo zaidi ya huu?"

Ghorofa ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Mlango ukafunguka, tukatoka watatu kwa mkupuo, na simu ikaonyesha mstari mmoja wa mtandao. Mmoja ulitosha.

"Mama Tiketi!"

"Nipo, nimeweka kidole hapa nakungoja. Zimebaki dakika mbili. Nifute ipi?"

"Ya peke yangu! Futa ya peke yangu!"

"Una hakika? Nikishabonyeza sirudi nyuma."

Nikamwangalia Fundi. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia yake ya kazi mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Nina hakika," nikasema. "Nasafiri na watu wangu."

Tukasikia kitufe kikibonyezwa upande wa pili. Halafu sauti ya Mama Tiketi, ikicheka: "Imefutika. Mmebaki watatu. Hongereni!"

Nilipiga vigelegele mwenyewe, kwenye korido ya watu, na Fundi akaniinua juu na begi lake la vifaa likiwa bado begani. Spana zikagongana huko ndani.

"Ungeniomba tu," nilimwambia nikiwa bado hewani. "Ungeniomba hata bila kwenda popote."

"Baba yako amechoka kuniona pua," alinijibu. "Nataka anione na mdomo ukisema."

Nikampigia baba palepale.

"Baba, tumekata tiketi!"

"Mwezi wa nne huu, tiketi ya lini?"

"Ya Desemba, baba! Ya sabini yako. Tunakuja watatu. Mimi, Fundi, na mama yake."

Sauti ya baba ilikuwa imelegea.

"Na mama yake? Mama mtu anakuja kwangu?" Akakohoa kujikaza. "Nyinyi nawajua. Miaka miwili mmenidanganya. Hamtabadilisha?"

Tukamgeukia mama kumpa simu, hayupo. Nikaingiwa na hofu, nikajua ameshazitafuta ngazi. Kumbe alikuwa ameachia mikono yetu bila sisi kuona, amesogea mpaka kwenye dirisha kubwa la mwisho wa korido, amesimama mbele ya kioo anaangalia chini: mapaa, barabara, magari madogo madogo, na watu wakienda na shughuli zao.

"Kumbe juu ndiko huku," alikuwa anasema peke yake. "Na hakuna aliyeniambia."

Nikampa simu. Akaishika vizuri kuliko mwanawe, uso mzima.

"Mzee mwenzangu," alisema, "haibadilishwi. Tuandalie pa kulala."

Baba alicheka mpaka mama yangu akaja kuuliza kuna nini, na wakaanza kuongea wao kwa wao, wazee watatu, kuhusu baridi na aina za blanketi. Sisi hawakutukumbuka tena. Fundi akanishika mkono, vidole ndani ya vidole, nikapiga picha kwa simu yake, nikaituma kwa Redio na maneno manne: "Mteja ni mama yake." Akajibu kwa alama za mshangao zilizojaza kioo kizima.

Mama alipomaliza, Fundi aliuelekea mlango wa ngazi kwa mazoea, akaushika ili kumfungulia.

"Hapo unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Ngazi. Si huwa unataka kushuka kwa..."

"Ngazi za nini?" Akajifunga kilemba upya, akanikamata mkono mimi, akasimama mbele ya lifti kifua mbele. "Bonyeza."

Na safari hii kidole hakikusita.